Fundi Polepole na Mlango wa Mke Wake

Marehemu mume wangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Polepole, aliuza mlango wa nyumba yetu bila kuniuliza. Ulikuwa mlango wangu. Baba yangu aliuchonga akanipa nilipoolewa. Nalisema hili kwanza ili mengine niyaseme kwa utulivu.

Alizaliwa Machi 1956, katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya baba yake, seremala. Mama yake alisema alipofumbua macho alitazama dari, na hakuacha kutazama juu maisha yake yote. Alisoma hadi darasa la saba, akatolewa kushika randa. Mimi sikusoma kabisa, kwa hiyo barua za nyumbani alizisoma yeye, na aliyotaka kuyaruka aliyaruka.

Tulioana Juni 1981. Alikuwa mpole, mcheshi na mchelewaji. Kabati la harusi yetu alilimaliza mtoto wa kwanza akiwa anatembea.

Jirani na karakana lilikuwapo hekalu la Kihindu walilojenga mababu zetu, likageuzwa ghala la saruji. Paa lilikuwa limetoboka. Asubuhi jua lilishuka ndani ya vumbi kama nguzo nyeupe, njiwa wakaipita bila sauti, naye alisimama pale, nyundo mkononi, kama mtu anayesikiliza wimbo wa chumba cha pili. Alisema ukumbi ule haukufa, umelala tu.

Mwaka 2009 ghala lilihama, ikaundwa kamati ya kuchangisha fedha za kulikarabati hekalu. Kila mmoja alimsubiri mwenzake atangulie. Ndipo akaung'oa mlango wangu kwenye bawaba, ukapigwa mnada. "Mama watoto ameridhia," aliwaambia. "Kutoa ni moyo." Moyo ulikuwa wake, mlango wangu. Mwenye duka la mabati akaununua, na baada ya hapo michango ikamiminika.

Sisi tukaishi nyuma ya pazia. Alfajiri lilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, vivuli vya wapita njia vikaogelea ukutani, nami nikajiona nimetandika kitanda barabarani. Yeye alizunguka mitaani akichangisha. Siku moja alikwenda hata kwa mwenye duka, akabisha hodi kwenye mlango wetu wenyewe.

"Karibu, Fundi! Umeleta mlango mwingine?"

"Nimekuja kuomba mabati. Lakini bawaba zinalia, ngoja nizitie mafuta."

Alirudi na mabati, akicheka peke yake.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alisema ni vumbi la mbao. Nilimuuguza mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi, mama watoto, umejijibu."

Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 4 Februari, hekalu likiwa limeezekwa lote. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na dada yake mkubwa.

Ukutani mle hekaluni yamechongwa majina ya waliotoa. Binti yangu alinisomea: la kwanza ni la baba yake, na kando yake neno "mlango". Mwenyekiti wa kamati, uliyekaa hapo mbele, siku ile ya mnada nilikufuata nikakueleza ni wa nani. Ukanijibu, "Shemeji, tutalirekebisha." Mume wangu alale kwa amani, katika mengine yote alinitendea wema. Jina langu kwenye ukuta ule nakudai wewe.