Nyama ya Idi ya Bi Mwanamkasi

...Na akampelekea mwenyewe! Wallahi, wasikilizaji wapendwa, kamwibia ng'ombe, kamchinja, halafu fungu la nyama kampelekea mwenye ng'ombe! Mie tangu asubuhi nacheka na kulia.

Ngojeni, nianze vizuri. Leo tunamkumbuka Bi Mwanamkasi wa Paje, mjane, mkulima wa mwani. Katutoka Jumatatu. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Nyota. Maziwa ya Nyota ndiyo yaliyomsomesha bintiye, Bashira. Nyota akaibiwa, kesho yake Idi ya kuchinja. Ndama kabaki bandani analia.

Na jirani yake, Silima? Bwana mkubwa wa kanzu za pasi, miaka yote hajachinja hata kuku. Mwaka huu kachinja ng'ombe! Ati kamchinjia Mungu! Mali ya mjane! Na kwa kuwa nyama ya Idi jirani harukwi, akapeleka fungu kila nyumba. Hata kwa Bi Mwanamkasi. Angemruka, watu wangeuliza. Akili zake ziliishia hapo.

Bashira kanihadithia: "Nlikuwa nshabandika sufuria. Mama akanambia, 'Acha! Hiyo tia kwenye friza.'"

Bi Mwanamkasi akenda kituoni na nyama yake. Askari akamcheka. "Bi mkubwa, nyama haina jina."

"Haina jina, mwanangu. Lakini ina mtoto. Ndama yupo bandani, mpimeni."

Silima barazani akawa anajipinda kwa kicheko: "Kibibi keshachanganyikiwa, anataka kupimiwa kitoweo!"

Basi wakapima vinasaba. Damu ya ndama, na nyama aliyoleta Silima. Narudia: damu ya ndama, na nyama aliyoleta Silima mwenyewe, kwa mikono yake. Majibu: mama na mwana! Sasa Silima, kafikishwa mahakamani, anasema ati kauziwa na mtu asiyemjua, njiani. Hata kudanganya hawezi, masikini.

Majibu Bi Mwanamkasi aliyasikia kitandani. Alicheka, anasema Bashira, kisha akauliza, "Ndama keshapewa maji?"

Bashira, poleni sana, wewe na jamaa wote. Mungu amrehemu mama. Na sisi tujiulize: fungu likija mlangoni, tunauliza limetoka wapi, au tunauliza ndimu ziko wapi?

Hukumu ni kesho asubuhi. Bashira kaniwekea nafasi mbele, pale ambapo angekaa mama yake. Nitamtazama Silima usoni mpaka hakimu amalize kusoma. Nikitoka nnakuja hapa hapa, hata viatu sivui, nikwambieni ule uso ulivyokuwa.