Hedwig Apanda Mlimani

Basi la kutoka Innsbruck kwenda mlimani lilijaa. Hedwig, bibi wa miaka themanini na mbili, alikuwa amekumbatia mbao zake za kutelezea thelujini. Mzee asiyemjua, aliyeketi kando yake mguu ukiwa kwenye plasta, alishindwa kunyamaza.

"Mama, unakwenda kuteleza au kuzikwa?"

"Na wewe huo mguu ulivunjikia wapi, shujaa?"

"Bafuni," mzee alinong'ona. "Kuteleza niliacha zamani, niishi salama."

"Hongera! Mimi daktari kasema moyo wangu hautafika kiangazi, kisha eti nikae kwenye kochi nikikisubiri."

"Ukifia huko juu je?"

"Angalau watanikuta nimevaa nguo."

Basi likasimama. Hedwig akatazama chini kwenye ngazi za mlangoni.

"Hebu nishike mkono, mzee. Ngazi hizi zinanitisha."