Kunde Chache Kwenye Ungo

Ndugu zangu, asubuhi niliyoondoka kijijini kwetu Sepuka sikuwa na safari. Nilitaka tu kujua malori ya alizeti huwa yanaishia wapi. Ndevu hazijaota, shule nimeiacha zamani, na vumbi la barabara lilionekana kama moshi wa nchi nyingine.

Lori langu liliishia Mwankoko, Singida mjini. Enzi hizo biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa, kila kitu kinauzwa, bangi na gongo pia. Rafiki niliyempata, mpakia mizigo mwenzangu, akaniambia, "Vijana wote hapa wanavuta. Wewe nani?" Nikavuta. Nawaambia, siku zilipita kama mawingu yasiyo na mvua. Naamka sijui ni asubuhi au jioni, nasikia mama ananiita kwa Kinyaturu, nikigeuka hakuna mtu.

Kisha muuguzi mmoja wa kata akataka kujua vijana wangapi wanatumia vitu hivi. Mwanzo alipita nyumba kwa nyumba, akatuuliza mbele ya wazee. Jamani, umemwamkia mzee shikamoo, halafu useme unavuta? Wote tukawa watakatifu.

Aliporudi, alikuja na kibuyu. Akakiweka nyuma ya kanga iliyotundikwa, tuingie mmoja mmoja: punje ya mtama kama hujatumia mwezi ule, kunde kama umetumia. Rafiki yangu akanitania, "Wewe tumbukiza debe zima." Mle ndani mlikuwa kimya, jua linapenya kanga nyekundu, mikono yangu nayo myekundu. Nikadondosha kunde.

Muuguzi akamimina vyote kwenye ungo, sote tukiangalia. Mtama ulikuwa mwingi. Kunde zilikuwa chache, zimetawanyika, kila moja peke yake.

"Si ulisema wote?" nikamuuliza rafiki yangu.

Akautazama tena ungo. "Na mimi niliambiwa hivyo."

Muuguzi hakuuliza kunde ni za nani. Alisema tu kwamba jioni mlango wake uko wazi. Tulikwenda wawili, mimi na rafiki yangu. Nilianguka nikavuta tena, nikarudi kwake, akanipokea bila kuninunia. Yeye na rafiki yule nawashukuru mpaka leo. Nanyi wenye watoto, nawaomba: waulizeni pale wanapoweza kujibu.

Nilipopata nafuu miguu ikaniwasha kutaka safari, nikapanda lori la Kiomboi. Mama mmoja huko alikuwa na chumba cha kupangisha.

"Unatumia kilevi?" akauliza.

Hakuna aliyenijua pale. Ningeweza kusema lolote.

"Nilitumia, mama. Nimeacha."

Akanitazama, kisha akachukua ufagio. "Ngoja nikufagilie chumba."