Mama Jumatano na Zamu Isiyo na Mtu

Wasikilizaji wapendwa, mniwie radhi, sauti yangu leo imechoka. Mwezi huu nimesoma tanzia nyingi mno kwenye maikrofoni hii. Hii ya leo nilitamani aisome mtu mwingine.

Tunamkumbuka daktari wa saratani. Wagonjwa walimwita Mama Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya kliniki. Mama Jumatano, mwanzilishi wa chama cha madaktari wa saratani nchini mwetu, ametutoka.

Chama hicho kilianza kwa majuto. Enzi hizo madaktari wa saratani walikuwa watatu nchi nzima. Watatu tu. Wiki moja Mama Jumatano alifunga kliniki akamzike baba yake. Aliporudi, mlinzi akamwambia kwamba mama mmoja alisafiri kutoka mbali kufuata dripu yake ya dawa ya saratani, akakuta kufuli. Yule mama hakuonekana tena.

Basi akawaita wenzake wawili kwenye stoo ya hospitali, wakakalia maboksi ya dawa. Katibu alichaguliwa kwa sifa moja: mwandiko wake ulisomeka. Azimio la kwanza lilikuwa fupi. Daktari akifiwa, mwenzake anamshikia zamu. Kliniki haifungwi. Mengine, kama kufundisha madaktari vijana na kuwahimiza watu wapime mapema, yalifuata baadaye.

Na nani alishika zamu nyingi kuliko wote? Yeye. Kila mwenzake alipofiwa, alimwambia, "Nenda kazike, mimi nipo." Mumewe, seremala, alizoea kumtania: "Mke wangu, wewe umeolewa na korido." Mama Jumatano alikuwa akicheka, anavua viatu, miguu imevimba, usingizi unampitia na koti lake jeupe mwilini.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, alimwambia binti yake, "Mwanangu, ngoja nijinyooshe kidogo." Binti anasema: "Nilifurahi hata. Nikasema, afadhali leo mama amekubali kupumzika." Hakuamka. Ni moyo, wasikilizaji. Moyo ulisimama.

Mazishi yakapangwa Jumatano. Ndugu wa mbali walikuwa wanawahi kurudi makwao, haikuwezekana vinginevyo. Mume akampigia simu mwenyekiti wa chama, daktari aliyefundishwa na marehemu mwenyewe.

"Mwanangu, mnakuja wangapi?"

Mwenyekiti akajibu, "Baba, wagonjwa wameshaanza safari. Na sisi tuliopo ni wachache."

"Hata mmoja? Si mna utaratibu wenu wa kushikiana zamu?"

"Tunao, baba. Lakini aliyekuwa akitushikia ni yeye."

Mzee akakata simu. "Nilikasirika," aliniambia. "Niliona wamemtupa." Akamzika mkewe, na hapakuwa na daktari hata mmoja kaburini.

Jioni, waombolezaji wakiwa bado wamejaa uani, mzee aliondoka kimya kimya, viatu vina udongo, akaenda hospitali. Alikwenda kusema yaliyomjaa kifuani. Akakuta korido bado ina watu. Akakaa kwenye benchi, akasubiri kama wengine, mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka.

Mwenyekiti akatoka nyuma yake. Alipomwona mzee, akaanza kuomba radhi.

Mzee alimtazama macho yake mekundu na miguu iliyovimba. Anasema kila siku aliyaona hayo hayo mlangoni kwake, mkewe akitoka kazini.

"Nilikuja kukugombeza," akamwambia. "Mwanangu, umekula?"

Hapo ndipo wote wawili walipolia.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mzee wetu seremala. Tunampa pole binti. Tunawapa pole madaktari, ambao Jumatano ijayo wataingia kazini tena, wamepungua mmoja. Mola amlaze mahali pema.

Nawe uliye karibu na redio, yuko mtu anayekushikia nafasi kila unapopatwa na lako. Unamjua. Mtafute leo, umuulize yeye hupumzika lini.