Orijino Ilikuwa Moja

Kijiwe cha Mithqal pale Anjara, mji wa milimani, ni siti ndefu iliyong'olewa kwenye basi bovu, ikaegemezwa ukuta wa karakana yake ya misumeno ya injini. Mbele ya siti kuna jiko la mafuta, na juu ya jiko mdila wa kahawa chungu. Anayekuja hupewa kifinjani, na kwa shukrani hutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Siku hiyo theluji ilikuwa imelala tangu jana yake, barabara ya Irbid imefungwa, na mwaloni mkubwa wa bondeni ulikuwa umepasuka kwa uzito wa theluji na kulalia paa la nyumba ya Umm Swaylim. Theluji nyingine ilitarajiwa jioni. Ama mti ukatwe mchana ule, ama paa liende na vyote vilivyomo.

Kazi walipewa vijana wawili. Swaylim, mtoto wa mwenye nyumba, apande juu ya mti. Harith, mtoto wa Mithqal, abaki chini akikata matawi yanayoanguka. Walikuwa wameshateremka kufunga kamba, misumeno yao wamemwachia Mithqal aikague. Akaikuta yote miwili ina breki mbovu. Breki ndiyo inayoizuia cheni msumeno unapomrukia mtu usoni, na ndani ya breki hiyo kuna mkanda mwembamba wa chuma. Mkanda ukikatika, shingo ndiyo inayolipa.

Kwenye droo alikuwa na mikanda miwili. Mmoja orijino, mmoja kopi. Orijino aliufunga kwenye mashine ya Harith kabla hajafikiri, au ndivyo alivyojiambia. Kisha akatoka nje na ule wa kopi mkononi, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kukiomba kijiwe ushauri.

— Nataka ukweli, alisema. Huu unafaa au haufai?

Abu Sinn alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ni dereva wa lori mstaafu, na jina lake limetokana na jino la dhahabu ambalo amelitumia kupima kila kitu, kuanzia pete za maharusi hadi betri. Aliuweka mkanda mdomoni, akauma, akafumba macho.

— Huu hauna neno. Chuma feki kichungu kama ufunguo wa stoo. Huu una utamu kwa mbali.

— Meno yako nusu feki, alisema Jenerali. Feki atamtambuaje feki mwenzake?

— Mwizi ndiye anayemjua mwizi, Jenerali. Tena unanipa sifa.

Jenerali alikuwa mpishi jeshini miaka mingi, lakini ukimsikiliza utadhani mipaka ya nchi ilishikiliwa na sufuria zake. Aliuning'iniza mkanda kwa uzi, akaugonga kwa kijiko, akatega sikio. Akatangaza kwamba unalia, na kwamba chuma cha kweli hulia, cha uongo hukohoa. Abu Sinn akadai amesikia kikohozi. Jenerali akamwambia kikohozi ni chake mwenyewe, aache sigara.

Mithqal hakucheka. Aliingia ndani, akaufunga mkanda kwenye mashine ya Swaylim, akaivuta ikawaka, akasukuma mbele kinga inayofunga breki kwa kifundo cha mkono. Cheni ikasimama papo hapo. Akarudia. Ikasimama tena.

— Si unaona? alisema Abu Sinn. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kopi ya breki nzuri ni breki nzuri.

Lakini Mithqal alijua chuma baridi kinavyodanganya. Kopi huonyesha rangi zake ikishapata moto, mtu akiwa juu ya tawi, mikono imechoka. Alikuwa ameona kopi zilizodumu misimu na kopi zilizokatika asubuhi ya kwanza, na zote zilitoka kwenye pakiti zinazofanana kama mapacha. Hapakuwa na jino wala kijiko cha kuzitenganisha. Alichokitaka kijiweni hakikuwa maarifa. Alitaka mtu mmoja tu aseme inafaa, ili dukuduku limtoke yeye kifuani.

Akaufungua tena mkanda, akauweka juu ya siti. Akaangalia bondeni. Aliiona kamba ikirushwa juu ya mwaloni, na mtu mdogo kwa umbali akiivuta, Mithqal asijue kama ni mwanawe au ni wa mwenzake.

Huku nyuma mjadala ulikuwa umechanja mbuga. Jenerali alikuwa akieleza kwamba kiwandani kuna zamu ya mchana na zamu ya usiku, na spea za usiku hurithi usingizi wa waliozitengeneza. Ukizifunga, zinafanya kazi mpaka saa nne kisha zinasinzia. Abu Sinn akasema hizo ni hadithi za jikoni. Kopi za siku hizi, alisema, zinayeyushwa kutoka kwenye vifaru vya vita, na chuma kilichowahi kuwa kifaru hakiogopi mti.

— Kazi ya kifaru ni kusonga mbele, Abu Sinn. Wewe unataka breki isonge mbele?

— Inategemea ni kifaru cha nani. Kuna vilivyozoea kusimama.

— Tatizo la mkanda ni mvuto tu. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Jenerali aliitoa methali ile kama fundi wa mikanda, bila kumlenga mtu. Mithqal aliisikia ikimwingia kama mwiba.

— Kwa hiyo inafaa? aliuliza, na sauti yake haikuwa sawa.

— Inafaa, Abu Harith, alisema Jenerali. Kwa nini isifae?

Wanamwita hivyo kila siku, baba yake Harith, na siku zote hulipokea jina lile kwa raha. Siku hiyo lilimuuma.

Ndipo Umm Swaylim alipotokea akipanda kutoka bondeni, gauni limelowa theluji mpaka magotini. Wanawake hawakai pale kijiweni, lakini kwa mama wa umri wake wanaume walisimama wakampisha. Alikuwa amekuja kuchukua mashine ya mwanawe. Kamba zilikuwa tayari. Abu Sinn akammiminia kahawa.

Alikipokea kifinjani kwa mkono wa kulia, akamshukuru, akakiweka chini juu ya siti bila kukigusa kwa mdomo.

Kifinjani kikiwekwa hivyo, mgeni ana ombi, na hanywi mpaka mwenyeji amkubalie. Watu huenda kuposa kwa kifinjani kama hicho, na huenda kuomba radhi kwa damu iliyomwagika. Mwenyeji akikiacha kipoe, hiyo ni aibu ya kutembea nayo mpaka kaburini.

— Kunywa kahawa yako, Umm Swaylim, alisema Mithqal. Ulilolijia umelipata.

— Nitakunywa. Sikuja na ombi zito, nina swali. Swaylim kaniambia aliiona mikanda miwili kwenye droo yako, mmoja kopi. Wa Harith ni upi?

Abu Sinn akamtazama Mithqal. Jenerali akamtazama Mithqal. Hawakuwa wamewaza kuuliza hilo, kwa kelele zao zote.

— Orijino, alisema Mithqal. Wa Harith ni orijino.

Alingoja aapizwe. Yule mama alitikisa kichwa polepole.

— Mimi pia ningefanya hivyo, alisema.

Afadhali angemtukana. Mithqal aliingia ndani, akaishusha mashine ya mwanawe, akafungua kava. Bisibisi ikateleza mara kwa mara, maana kuutoa mkanda ule ilikuwa kama kumvua mtoto koti kwenye baridi. Akautoa. Akaufunga kwenye mashine ya Swaylim, akaiwasha, akaijaribu, akaizima, akaileta nje na kuiweka miguuni pa Umm Swaylim.

— Sasa kunywa, alisema.

Abu Sinn alianza kusema kwamba huo ndio uungwana. Umm Swaylim alikuwa amekiinua kifinjani mpaka karibu na mdomo. Akakirudisha chini.

— Na Harith atapewa upi?

Mkanda wa kopi ulikuwa palepale juu ya siti, unang'aa.

— Nilipokuwa napanda mmesema inafaa, au mimi ndiye sikusikia vizuri? aliuliza yule mama. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli.

Mithqal aliuchukua mkanda, akamnyooshea rafiki yake.

— Abu Sinn. Wewe uliyeuonja. Nishike neno lako, niufunge kwa Harith?

Abu Sinn alikiangalia kifinjani, akaiangalia theluji, akapitisha ulimi kwenye jino lake la dhahabu.

— Abu Harith, alisema, mimi nilikuwa naonja tu.

Mithqal akamgeukia Jenerali, na Jenerali akaona kuna jambo la muhimu sana kwenye kamba za viatu vyake.

Basi Mithqal akauweka mkanda ulipokuwa. Akaingia ndani, wakasikia vitu vikisogezwa, akatoka na mashoka mawili ya baba yake.

— Harith atatumia shoka huko chini, alisema. Na mimi nitashika la pili. Tutachelewa, lakini kabla ya jioni tutamaliza. Kunywa kahawa yako, mama.

Umm Swaylim alikunywa. Ilikuwa imeshapoa, lakini aliimaliza yote, akakitikisa kifinjani kuonyesha imemtosha, akamrudishia Abu Sinn. Kisha akaubeba msumeno wa mwanawe na kuanza kuteremka, na Mithqal akamfuata na mashoka begani.

Wale wawili wakabaki. Kutoka bondeni msumeno ukawaka, kisha kukaanza kusikika mashoka. Jenerali akasema mdila umekwisha. Abu Sinn akasema ameona. Mkanda ulibaki kati yao juu ya siti, na kila mmoja akajisogeza upande wake kidogo, asije akaukalia.