Védastine Mukamazimpaka, Aliyemtafutia Mama Ushahidi

Majirani wa Mururu, walimu na wanafunzi mliotoka Kamembe, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Bukavu: haya ni maisha ya mpendwa wetu kwa kifupi. Yameandikwa na yanasomwa na dada yake mkubwa, Honorine, fundi cherehani. Marehemu mwenyewe alimwomba ayasome, na asifiche kitu.

Védastine alizaliwa tarehe 11 Aprili 1964 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa pili na wa mwisho wa Anastase Sibomana na Épiphanie Mukeshimana, waliokimbia kutoka hapa Mururu, Rwanda, mwaka 1961. Dada yake alikuwa amevuka mto Rusizi mgongoni mwa mama, na mgongo ule aliuhesabu kuwa wake. Mtoto alipoletwa nyumbani, Honorine, mwenye miaka minne, aliuliza atarudishwa lini. Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alianza shule mwaka 1970. Tarehe 3 Februari 1978 askari walimchukua baba yao kazini, na hakurudi. Tangu siku hiyo mama alikataza jina la mtawala wa Zaire kutajwa ndani ya nyumba. Alikataa pia kufanya siku ya kumaliza kilio, yaani kuondoa matanga. “Yule alituma basoda angali anakula bugali,” alisema. “Siku atakufa, njo nitamaliza kilio ya bwana yangu.” Honorine aliacha shule akakaa kwenye cherehani. Védastine aliendelea, akapata diploma mwaka 1983, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1986. Sare zake zote zilishonwa na dada yake, na mara moja, inakubalika leo, dada alizibana kwapani makusudi.

Alifundisha historia Bukavu, na baada ya familia kurudi Rwanda, Septemba 1994, alifundisha Kamembe mpaka alipougua. Mwanafunzi aliyesema “inasemekana” alisimamishwa mpaka aeleze ni nani aliyesema. Sokoni walimwita Madamu. Honorine walimwita “dada ya Madamu”.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na Valens Mbarushimana, seremala. Valens alianza kuja nyumbani kurekebishiwa suruali, mara tatu, suruali ileile. Honorine alidhani suruali ni kisingizio. Ilikuwa kisingizio kweli, lakini si kwa ajili yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Muhire na Gasaro.

Septemba 1997 redio ilitangaza kwamba mtawala yule amefia uhamishoni, Moroko. Mama hakusadiki. Redio ilikuwa imemuua mara nyingi kabla ya hapo. Jirani yetu Muderhwa, muuza samaki, alisema aliyezikwa ni mtu aliyefanana naye, na kwamba mwenyewe yuko kisiwani ananenepa. Védastine alinunua daftari, akaligawa sehemu tatu: walioona, waliosikia, na waliotamani iwe hivyo. Muderhwa aliwekwa sehemu ya tatu, akanuna wiki nzima. Védastine alikusanya magazeti ya Kifaransa, akalinganisha tarehe, akapima picha ya jeneza. Sehemu ya walioona ilibaki tupu. Basi akamwandikia sista mmoja aliyesoma naye, aliyetumwa Moroko.

Vita vilianza tena ng'ambo ya Rusizi, barua zikachelewa. Jibu lilifika Machi 1999. Sista alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye makaburi ya Wakristo na kusimama mbele ya kaburi. Jumapili tarehe 18 Aprili, baada ya misa, Védastine aliisoma barua hiyo mbele ya mama. Mama alikwisha kuanza kutaja siku ya kumaliza kilio. Wote walikuwa wanamtazama Védastine.

Ndipo Honorine aliposema: “Jiwe iko na herufi tu. Sista alifungula sanduku?”

Védastine alifikiri. “Hapana. Hakufungula.”

“Honorine anasema kweli,” mama akasema, na siku haikutajwa tena.

Maneno hayo matatu Honorine alikuwa ameyangoja tangu utoto. Alikwenda nayo nyumbani kwake, akayala peke yake. Lakini hakuamini alichokisema. Tangu siku ya redio yeye alijua kwamba mtu yule amekufa. Kwa wivu wa Honorine, mama alikaa katika kilio miaka mingine mitatu.

Julai 2001 marehemu alianza kuugua figo, na macho yakafifia. Februari mwaka huu alimwomba dada yake amsomee daftari lile. Kwenye ukurasa wa arobaini Honorine alikuta mwandiko wa mdogo wake: “Pingamizi la Honorine. Ni zito. Sijapata jibu. Kama angeendelea na shule, angenipita.”

Alishindwa kuendelea kusoma. “Vedasti,” alisema, “mi nilijua yule muzee alikufa. Nilikatala juu ya wivu tu.”

“Nilijua. Lakini ile ulizo ilikuwa ya muzuri,” Védastine akajibu. “Sasa enda uambie maman.”

Mama alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho. “Miaka tatu, Honorine,” alisema, akaendelea na maharage yake. Mpaka leo hajasema kama amesamehe. Lakini Jumamosi tarehe 4 Mei kilio cha Anastase Sibomana kilimalizwa hapa Mururu, miaka ishirini na minne tangu achukuliwe. Valens alimbeba mkewe akamketisha kitini karibu na mama. Muderhwa alileta sambaza, dagaa wa ziwani, akala, akanywa, na kabla ya kuondoka akasema mtu yule bado yuko kisiwani. Védastine alicheka mpaka wakamshika mabega.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2002, saa nne asubuhi, hospitalini, mama akiwa amemshika mkono. Honorine alikuwa upande wa pili wa kitanda, na mkono wa upande ule ulikuwa na sindano.

Marehemu ameacha mama mzazi, Épiphanie, mume, Valens, watoto, Muhire na Gasaro, wanafunzi ambao idadi yao inaonekana hapa kilimani, na dada mmoja, aliyemwonea wivu miaka thelathini na minane, na ambaye hata sasa, akitazama jinsi mlivyojaa, anajiuliza ni wangapi watakuja siku yake.

Bwana ampe raha ya milele. Lala kwa amani, mdogo wangu.