Mandazi ya Mwakio

Ndugu zangu wa Houston, mniwie radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Magoti yangu yametoka Mesquite asubuhi kwenye gari la mjukuu wangu Wakesho na nadhani bado yako njiani. Mandazi yale mezani nimeyakaanga mimi. Naomba msiyaguse mpaka nimalize. Mtajua ni kwa nini.

Nimeambiwa katika ushuhuda tusitaje majina. Nimesikia. Walioniumiza sitawataja, ingawa nawakumbuka mmoja mmoja pamoja na nguo walizovaa. Walionisaidia nitawataja, mnisamehe. Shule niliiacha nikiwa mdogo, kwa hiyo nisichokishika kichwani nimekipoteza.

Nilikuwa na mjukuu mwingine, Mwakio, kaka yake Wakesho. Nilimlea mimi, kwa sababu mama yao alikuwa na zamu za hospitali, hii ikiisha ile inaanza. Alipokua akapata kazi kwenye ghala, akipanga makatoni. Texas ni tambarare, mnaijua, na mimi ni mtu wa milima ya Taita, basi sijui ni hadithi zangu au ni damu, yule kijana alipenda milima ambayo hajaiona. Siku moja akaja na begi la mgongoni lililompita kichwa, akasema anaenda Kirigizistani.

"Ndiyo wapi?"

"Asia ya kati, Nyanya. Kabla hujafika China."

"Una nani huko?"

"Sina mtu."

"Sasa atakupokea nani?"

Akacheka. "Nyanya, si ndiyo raha yenyewe?"

Hiyo raha sijaielewa mpaka leo. Sisi tulisafiri kwenda kwa mtu. Lakini akaenda, na kila alipopata mtandao alinipigia nimwone. Alilala hosteli za bei rahisi, alipanda mabasi madogo na mbuzi, alilala kwenye mahema ya duara ya wachungaji wa mifugo. Siku ya mwisho alikuwa mbele ya hema moja, nyuma yake mlima, kando yake mama mmoja amejifunga kitambaa. Akainua kitu kidogo cha mraba.

"Nyanya, ona, hata hawa wana mandazi."

"Matamu?"

"Hayafiki yako."

Akasema kesho atavuka ule mlima, atanipigia akiwa upande wa pili.

Hakupiga. Tuliambiwa baadaye kwamba theluji ilianguka mchana ule, na ilikuwa bado kiangazi. Mama yake akaenda. Wachungaji walitafuta kwa farasi, helikopta ikazunguka, haikuonekana hata kamba ya kiatu. Halafu majira ya baridi yakafunga njia na mama yake akarudi mikono mitupu.

Ndugu zangu, nawaambia, kufiwa nakujua. Nimemzika mume wangu Mghendi, nimemzika mama yangu. Hiki kilikuwa kitu kingine. Sebule ilijaa watu, sufuria za pilau zikaingia, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Machozi yakinijia tu, mtu ananishika bega: "Nyanya, usikiri kifo." Mmoja alionyeshwa katika maombi kwamba kijana yuko ndani ya nyumba yenye kuta za kijani, anakula vizuri. Mwingine alinivua kitambaa cheusi kichwani kwa mkono wake, akanifunga cha njano. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na picha yenye maua, hatukuimba wimbo hata mmoja wa kusindikiza mtu. Waliomba kwa nguvu, wakaondoka wakiwa na furaha, wakaniacha na sufuria.

Hapo ndipo nilipoanguka. Wengine wenu mmesema hapa mlianguka kwa pombe, mwingine kwa mwanaume. Mimi nilianguka kwa kungoja. Nilikaa dirishani nikitazama maegesho ya magari. Kila kijana mrefu mwenye begi, moyo uliruka ukaanguka. Mlango sikuufunga tena kwa funguo. Mandazi niliacha, nikasema nitakaanga akirudi, na karai likapata kutu. Kila jioni katika sala mimi hutaja walio hai kwanza, halafu waliotangulia, wote kwa majina. Mwakio nilimtaja kwa walio hai. Kila nilipofika kwake ulimi ulikuwa mzito, kama ninamdanganya Mungu na Mungu ananitazama tu.

Kiangazi kilichofuata nikamwambia Wakesho, nipeleke. Mama yake akasema, "Mama, kwa umri huu?" Nikamwambia hapa nimekaa, na kule naweza kukaa.

Tulienda kama alivyokwenda Mwakio. Nilibeba mgongoni begi lake la shule. Katika hosteli ya Bishkek, mji wao mkuu, vitanda vimepandana, wakanipa cha chini. Juu yangu alilala kijana wa Kijerumani. Akamuuliza Wakesho kama bibi huyu naye ni msafiri.

"Mwambie ndiyo," nikasema, "na umwambie miguu yake inanuka."

Wakesho alitafsiri nusu ya kwanza.

Dereva Temir alitufikisha mahali barabara inapoishia. Mchungaji aitwaye Bakyt akaninyanyua juu ya farasi kama gunia, akamwongoza kwa miguu mpaka kwenye lile hema. Nilimtambua mke wake kabla sijashuka. Ndiye yule wa kwenye simu, na jina lake ni Nurgul.

Nilikuja na swali moja: je, kuna mtu aliyemwona baada ya pale? Wakesho akaiambia simu kwa Kiingereza, simu ikasema kwa lugha yao. Nurgul akatikisa kichwa. Basi. Nilivuka dunia nzima kwa ajili ya kichwa kile kutikisika. Nikakaa chini.

Ilikuwa Ijumaa. Nurgul alikuwa anakanda unga. Akausukuma, akaukata miraba, akaweka mafuta jikoni. Mikono yangu ikajiendea yenyewe, nikaanza kumkatia uliobaki. Wakesho akauliza kuna sherehe gani. Simu ikajibu kwamba Ijumaa hukaangia marehemu wao. Harufu ya mafuta huwafikia.

Mchungaji wetu wa kanisa hapo mbele, usinikazie macho. Najua sisi hatuwapikii wafu. Nasimulia nilichoona.

Alipodondosha kipande cha kwanza akataja jina la baba yake. Cha pili, mtoto wake aliyekufa kwa homa. Cha tatu akasema, "Mwakio."

Alilitamka sawasawa. Nilimwuliza kwa vidole, huyu tangu lini? Akaonyesha mlimani, akafanya theluji kwa mikono. Tangu siku ile. Mtu asiyenijua alikuwa akimlilia mjukuu wangu kila Ijumaa, na mimi, niliyemlea, nilikuwa nimekatazwa.

Akanisogezea vipande vilivyobaki. Nikadondosha kimoja: Mghendi. Kingine: Mkamburi, mama yangu. Kingine: Shali, dada yangu. Halafu nikashika kimoja mkononi, sikukiachia. Mafuta yanachemka. Nurgul hakunishika bega wala hakuniambia neno. Alingoja.

Nikakiachia. Nikasema, "Mwakio."

Yule mama akatoa sauti, ndugu zangu, sauti ya kwetu kabisa, ile ya mwanamke anayepokea msiba mlangoni. Nami nikaitika. Tulilia mpaka Bakyt akavua kofia huko nje. Nilimtazama Wakesho, niliogopa nimemvunja moyo. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mimi nilijua, Nyanya. Nilikuwa nangoja wewe."

Mtoto amebeba msiba peke yake mwaka mzima ili bibi yake aendelee kutumaini.

Sikurudi na mwili, wala kaburi la kuweka maua. Sikuwaletea muujiza, na najua wengine mlikuwa mnausubiri. Hakupatikana. Mama yake bado anangoja, na mimi simwambii akiri wala asikiri. Nakaa naye. Simu ikilia ghafla, hata mimi mkono unatangulia. Labda nimekosea. Akirudi atanikuta jikoni, na Mungu atanisamehe. Lakini jioni namtaja kwa waliotangulia, na ulimi unapita.

Nawashukuru Nurgul na Bakyt, na Temir aliyetungoja barabarani. Nakushukuru, Wakesho. Nawashukuru akina mama wa Carrollton waliokubali kuja Mesquite kukaa matanga bila jeneza, wakaimba.

Neno langu ni dogo. Ukiingia kwa mtu aliyepatwa, usimpangie cha kuamini. Kaa, msaidie kukata unga.

Sasa sogeeni mezani. Kila anayechukua andazi amtaje wake, wa msituni, wa barabarani, wa vita, hata yule tuliyeambiwa tusimtaje. Leo tuiache ile sheria ya majina. Naanza mimi.

Mwakio.